Mkate Ulioning'inia Tashkent

Ukimwambia Fundi kwamba unakwenda Uzbekistan, hakuulizi habari za tiketi wala viza. Anashusha miwani hadi ncha ya pua, anatazama miguu yako, kisha anasema, "Vua viatu."

Wengi walidhani anatania. Nilimshuhudia meneja wa benki, Mkenya mwenzangu, akiwa amesimama kwenye sakafu ya saruji ya karakana ile, viatu mkononi, kidole gumba cha mguu wa kushoto kikichungulia nje ya soksi. Fundi alikikagua kile kidole kwa makini, kama karani anayekagua saini.

"Papa Meneja, kule utavua viatu kwa kila nyumba. Chini ni zulia tupu. Batu bataona hiki kidole mbele ya kuona uso wako. Tafuta soksi sita, zote nzima. Hizi acha hapa, nitazitia uzi."

Alizitia uzi kweli, bila malipo, na meneja akaenda Samarkand na kurudi bila aibu.

Karakana ilikuwa Doornfontein, mjini Johannesburg, ghorofa ya pili ya jengo ambalo zamani watu walishonea makoti. Ukivuka robot, yaani taa za barabarani, unapita saluni ya Wakongo, unapanda ngazi zenye giza, unasikia cherehani kabla hujaziona. Zilikuwa tatu: mbili za umeme na moja ya miguu, ambayo Fundi aliiita mke mkubwa, kwa kuwa umeme ukikatika ni yeye aliyebaki nyumbani. Mlangoni palikuwa na kibao alichokiandika kwa mkono: SARE ZA SHULE. KANZU ZA KWAYA. KUFUPISHA SURUALI. UZBEKISTAN.

Mimi nilifika pale na suruali ya kahawia iliyokuwa ndefu mno. Kazini nahariri ripoti, na kanisani kwetu Bertrams ndimi ninayeandaa jarida dogo la kila mwezi, kwa hiyo siwezi kupita penye neno lisiloeleweka bila kuuliza.

"Papa, hii ya nne kwenye kibao ni aina ya kitambaa?"

"Ni nchi, Mama Neema," alisema, maana mke wake, aliyenipokea mlangoni, alikuwa ameshamtajia jina la binti yangu. "Kaa kitako, nitakueleza."

Nilikaa saa mbili. Nilipoondoka nilijua mwezi wa kwenda, chakula cha kula na namna ya kumsalimu mzee kwa kuweka mkono kifuani. Suruali ilikuwa bado ni ndefu.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Nilipomuuliza alisema hayo ni maswali ya pale kwenye foleni ya karatasi, na kwamba ameshayajibu ya kutosha. Linalohitajika ni hili tu: akiwa kijana alipelekwa kusomea uhandisi wa nguo mjini Tashkent, enzi mji ule ukiwa ndani ya dola kubwa ambayo sasa haipo. Alikaa miaka mitano. Kisha alirudi Kongo, na kiwanda kilichokuwa kikimngoja kilifungwa kabla hajamaliza kufungua sanduku lake. Baada ya hapo ni vita na barabara, na mwisho wake Johannesburg.

Waliopanda ngazi zile kuomba ushauri walikuwa wa aina mbili. Kulikuwa na Wakenya wa mabenki na vyuo, waliokwisha kuchoshwa na fukwe. Na kulikuwa na familia za Kiislamu za Fordsburg, zilizotaka kuzuru Bukhara na Samarkand na makaburi ya wanazuoni. Hizo zililetwa na muuza bitana ambaye Fundi alinunua kwake kila mwezi. Wote aliwapokea sawasawa, wote aliwavua viatu, na hakuna aliyelipa. Ada yake ilikuwa nyingine.

Alikuwa na daftari nene la jalada gumu. Kila ukurasa wa kushoto uliandikwa ushauri wake kwa wino wa buluu. Ukurasa wa kulia uliachwa mtupu. Sharti lilikuwa kwamba ukirudi, ndani ya wiki moja uje, uketi karibu na dirisha, uchukue penseli nyekundu na umkosoe. Ulichokiona kwa macho yako kilishinda alichokumbuka yeye. Ukishaandika, alikuwa anasoma, anaweza kuuliza swali moja au mawili, kisha anachukua rula na kufuta mstari wake mwenyewe. Sijawahi kumwona akibisha. Kwa mtu aliyebishana na kila mteja juu ya urefu wa kila sketi, hilo lilinishangaza.

Kurasa nyingine zilikuwa zimechinjwa. Aliandika, "Usipige picha ndani ya treni ya chini ya ardhi, utakamatwa." Muuza bitana alirudi na picha arobaini za taa na nguzo za vituo vile. Fundi alizitazama moja moja, taratibu, simu ikiwa karibu na pua. Mwishowe alisema, "Bon. Bameachia," akafuta. Aliandika pia, "Chukua jinzi mbili za kuuza." Huo ulikosolewa na watu watatu kwa nyakati tofauti, na mmoja wao aliongeza kwa huruma: "Papa, wanazo."

Lakini mengine yalisimama. Miezi, kwa mfano: Aprili na Mei, au Septemba na Oktoba. Julai aliiandikia neno moja tu, "Tanuri." Maji ya bomba, usinywe. Risiti za hoteli zinazoonyesha ulilala wapi, zitunze zote mpaka uondoke. Siku hizi mambo yako kwenye kompyuta, lakini kikaratasi hakijawahi kumdhuru mtu. Na dawa. Juu ya dawa hakuwa na mzaha. Alikuwa anamwaga mkoba wako juu ya meza ya kukatia vitambaa na kutafuta vidonge vya maumivu na chupa za kikohozi, zile ambazo hapa unaandika jina lako kwa mfamasia na kwenda nazo nyumbani.

"Hapa ni dawa," alisema. "Kule ni kesi. Ile yenye kodeni inabaki kwangu."

"Papa, mimi bila hiyo silali," alilalamika Wanjiru, rafiki yangu wa kazini.

"Utalala wapi vizuri, hotelini ao polisi?"

Aliitia chupa kwenye kopo la bati na kuandika jina la Wanjiru juu. Dawa za shinikizo la damu alizirudisha mkobani, ila alimtuma kwanza kwa daktari akaandikiwe barua.

Kisha kulikuwa na pasi. Fundi aliamini kwamba dola inayokwenda Asia ya Kati isiwe na kunyanzi hata moja. Uliweka noti zako juu ya ubao, yeye akazifunika kwa kitambaa cha pamba chenye unyevu kidogo, akapitisha pasi kwa upole aliokuwa nao kwa hariri tu. Ukurasa wa kulia ulikuwa na sauti nyingi nyekundu zikimwambia kwamba mijini kadi za benki zinakubaliwa. Alizisoma, akaongeza neno "kadi" upande wake, na akaendelea kupiga pasi.

"Kadi ikikatala, utapigia nani simu?" aliniuliza. "Ba benki yako? Wenyewe bako Sandton, bamelala."

Juu ya chakula alikuwa na wasiwasi na sisi zaidi kuliko na watu wengine wote. Alisema mtu wa Fordsburg akipewa pilau ya kule anakula na kushukuru, lakini Mkenya anaanza kufundisha. Anauliza mdalasini uko wapi, viazi viko wapi. Kwa hiyo alituandikia ukurasa wetu wenyewe. Pilau yao ina karoti na mafuta ya kondoo. Inapikwa sufuria moja kubwa asubuhi, na ikiisha mchana imeisha, usisubiri nyingine. Kachumbari ipo, tulia. Usinywe maji baridi juu yake, kunywa chai ya kijani, tumbo litakushukuru.

Ni kwenye chai Wanjiru alipoharibu. Siku ya somo la chai hakuja, alikuwa na mkutano. Alipofika Bukhara, katika nyumba ya wageni, mwenye nyumba aliwamiminia chai vibakulini, kila kimoja chini ya nusu. Wanjiru, aliyelelewa Nyeri ambako kikombe kisichojaa ni tusi, aliona aibu kwa niaba ya mwenye nyumba. Ilipofika zamu yake kushika birika, aliwajazia wazee wote mpaka chai ikatetemeka ukingoni. Wazee walitazamana, wakanywa harakaharaka, wakaweka mikono vifuani, wakaondoka.

"Watu wa ajabu," alisema aliporudi, penseli nyekundu mkononi. "Nimewapa chai ya heshima, wamekimbia. Eish."

Fundi alicheka hadi akashika cherehani. "Mama Wanjiru, umebafukuza! Nusu kikombe njo heshima. Bakikupa kidogo, banataka ukae, bakumiminie tena, bakumiminie tena. Kikombe kikijaa, banakuonyesha mlango."

Wanjiru aliinama juu ya daftari. Upande wa kulia aliandika: "Kikombe kisijae. Nimethibitisha."

Nilipoanza kumwelewa nilianza pia kuhesabu mahali alipojipinga. Aliwaambia wasafiri wafike uwanja wa ndege saa nne kabla ya ndege kuondoka, na yeye hakuwahi kumaliza vazi siku aliyoahidi. Aliwafundisha kubeba mizigo michache, na karakana yake ilikuwa haipitiki kwa magunia ya vipande vya vitambaa: kijivu na kijani cha sare, zambarau na nyeupe za kwaya. Hakutupa hata kipande. Alichukia chumvi katika maelezo ya wengine, lakini matikiti ya Tashkent aliyoyakumbuka yeye yalizidi kukua kila mwaka. Nilipomfahamu mara ya kwanza tikiti moja lilibebwa na mtu mmoja. Mwaka jana lilihitaji wawili.

Na lililo kubwa kuliko yote: aliwapeleka watu wengi, yeye mwenyewe hakuwahi kurudi.

Kwa muda mrefu kikwazo kilikuwa karatasi. Lakini hati yake ya kusafiria ilikuwa imetoka, nadhani miaka minne sasa, na ilikaa ndani ya droo ya vifungo. Ukimuuliza, alitaja kazi. Januari ni sare za shule. Pasaka ni kanzu za kwaya. Desemba kila mtu anaoa. Mke wake, Mama Furaha, aliyekaa kwenye cherehani ya pili na kusikia kila kitu, alikuwa akiitikia bila kuinua kichwa: "Na Juni vidole vinamuuma. Na Agosti kuna vumbi."

Sasa nifike kwenye mikate.

Ukuta wa nyuma wa karakana, juu ya magunia, ulikuwa na misumari mingi na kwenye baadhi yake mikate ilining'inia. Binti yangu Neema, aliyezaliwa hapa na anayeelewa Kiswahili vizuri ila hunijibu kwa Kiingereza, aliita mahali pale makumbusho ya mikate. Fundi alieleza kwamba kule, mtu wa nyumba akienda safari ndefu, anauma mkate kwa meno, kipande kimoja tu. Mkate uliobaki unakaushwa na kutunzwa ukutani. Ni wake. Hakuna mwingine anayeugusa mpaka arudi aumalize.

Kwa hiyo kila msafiri wake aliuma mkate. Aliununua kwa muoka mkate mmoja wa Fordsburg, ambaye Fundi alikuwa amemkabidhi muhuri wa kutoboa unga katikati: kigurudumu cha uzi chenye sindano butu zilizopangwa mviringo, kazi ya mikono yake. Muoka mkate alimwona ni mwendawazimu, lakini mwendawazimu mteja. Ukishauma, Fundi aliukausha dirishani siku mbili, akapitisha uzi katikati, akaufunga kibandiko cha jina lako. Ukirudi, kabla ya penseli, ulikula mkate wako. Ulikuwa mgumu kama kigae, ukauloweka kwenye chai, nusu kikombe kwa nusu kikombe.

Kulikuwa na mmoja usioliwa. Mwenyewe alitoka Tashkent akaunganisha moja kwa moja hadi Kanada, na amekaa huko. Nilimwambia Fundi autupe. Aliupangusa vumbi kwa kitambaa laini.

"Miye nitupe? Huyu hajafa. Eko njiani."

Siku hiyo hiyo, Fundi aliposhuka kununua uzi, Mama Furaha alinyamazisha cherehani yake.

"Mama Neema, weye unapenda kuuliza. Mbona haujauliza mkate wake yeye?"

Hapo ndipo nilipopata habari za Opa. Ndivyo wanavyomwita dada mkubwa kule, na ndivyo Fundi alivyomwita mwalimu wake wa kufuma na kushona, mwanamke aliyempeleka nyumbani kwake kila Jumapili kwa miaka mitano na kumlisha. Siku ya kuondoka Opa alimpa mkate, Fundi akauuma. Alimwahidi atarudi baada ya mwaka, akiwa mhandisi, na kitambaa kutoka kiwanda chake.

"Sasa anaona haya," alisema Mama Furaha. "Kiwanda eko wapi? Ni hizi cherehani tatu. Na Opa, kama eko, ni mzee kabisa. Miye ninamwambia, utaenda kula mkate kwa kaburi ya nani?"

Baadaye nilifungua daftari na kutafuta. Kwenye ukurasa wa mahali pa kula, chini kabisa, kwa wino wa buluu, ilikuwa imeandikwa: "Musitafute nyumba ya Opa. Mtaa ule umevunjwa."

Nilisafiri Aprili na wenzangu wa kazini. Nilipimwa soksi, nikapigiwa pasi dola, nikauma mkate. Mama Furaha alinitilia mfukoni picha ya zamani: kijana mwembamba kando ya mtambo wa kufumia, anacheka, mwanya mpana katikati ya meno ya mbele, pembeni yake mwanamke mwenye kitambaa kichwani, hacheki. Fundi hakusema neno juu ya Opa. Lakini aliponieleza njia ya kwenda soko kuu kununua zabibu kavu, maelezo yalipita zabibu kavu yakaendelea: ukilipa mgongo lile kuba la sokoni, fuata mfereji wa maji, utaona mforosadi mkubwa, halafu lango la buluu. Kisha akakohoa na kusema hayo ya mwisho hayana kazi.

Ilinichukua asubuhi mbili kulitafuta lango hilo. Nusu ya mtaa kweli ilikuwa imekwenda, yamesimama maghorofa. Nilirudi sokoni na kumwonyesha picha mwanamke aliyeuza mikate. Alimpa wa pili, wa pili akampa wa tatu, picha ikatembea meza kwa meza hadi kwa muuza bizari mmoja, ambaye hakumtazama kijana hata kidogo. Alimgusa yule asiyecheka, akavua aproni, akanishika mkono.

Lango lilikuwa la buluu. Mforosadi ulibaki kisiki.

Opa ni mdogo wa umbo kuliko nilivyotarajia, ana meno mawili ya dhahabu, na bado hacheki ovyo. Mjukuu wake, mwanamke wa umri wangu anayefundisha Kiingereza, alitutafsiria. Nilivua viatu. Soksi zilikuwa nzima. Chai ilikuja, chini ya nusu.

Alichouliza kwanza ni kile nilichokiogopa. "Kiwanda chake kikoje?"

Ningeweza kupamba. Nilisema kweli: cherehani tatu, sare za watoto wa shule, kanzu za kwaya, na anafupisha suruali.

Opa aliuliza, "Suruali gani?"

Nilitazama chini. Nilikuwa nimevaa ile ya kahawia. Nilimwonyesha pindo. Alivaa miwani, akainama, akalipindua, akapitisha ukucha juu ya mshono wote wa mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Akasema neno fupi. Mjukuu akacheka.

"Bibi anasema bado anavuta uzi mno."

Alinimiminia tena. Kisha alinipeleka chumba cha nyuma. Kwenye ukuta, ndani ya kitambaa cha pamba, mkate. Ulikuwa umebadilika rangi ukawa kama mbao ya zamani. Nimezoea kuthibitisha mambo, kwa hiyo nilitafuta alama ya meno. Ilikuwepo ukingoni: vifereji viwili vya meno, na katikati yao ukuta mwembamba wa mkate ambao haukung'atwa. Ule ni mwanya wake. Nimeuona kwenye chapati, kwenye tofaa, kwenye chaki ya fundi anapoishika kwa meno.

Nikafanya kosa. Kwa adabu zetu, mtu akiwa mbali unambebea kilicho chake, na mimi nilikuwa na nafasi kwenye sanduku. Nikaomba niuchukue, nimpelekee.

Opa aliufunika.

"Bibi anasema hautoki hapa," alisema mjukuu. "Yeye ndiye aje. Na anasema hana muda mwingi wa kungoja watu wanaofupisha suruali."

Nilikaa mpaka saa kumi. Kibakuli changu kilimiminiwa mara kumi na moja na hakikujaa hata mara moja.

Nilirudi Johannesburg, nikala mkate wangu, nikaketi karibu na dirisha na penseli nyekundu. Niliyaandika mengine yote kwanza: bei za teksi, hali ya vyoo, treni ya kwenda Samarkand. Fundi alifuata kila mstari, akifuta pale palipostahili. Mwisho nikafungua ukurasa wa mahali pa kula, na upande wa kulia, mbele ya maneno yake ya chini kabisa, nikaandika: "Mtaa umevunjwa nusu. Lango la buluu lipo. Mkate upo. Opa anasema unavuta uzi mno na uje mwenyewe."

Alisoma. Cherehani ya Mama Furaha ilinyamaza.

"Ameona pindo?" aliuliza Fundi.

"Ameona."

"La suruali gani?"

"Hii."

Aliitazama suruali kwa uchungu. "Hiyo niliishona kwa mke mkubwa. Umeme ulikuwa umekatika."

"Papa, futa mstari," nilisema.

Alichukua rula. Sharti lilikuwa lake mwenyewe, na sisi wawili tulikuwa tunamwangalia. Aliuweka ukingo wa rula chini ya maneno yake ya buluu, akavuta penseli. Mstari ulipinda kidogo.

"Bon," alisema. "Basi labda baada ya sare za Januari."

"Januari ya mwaka gani?" aliuliza Mama Furaha.

Miezi ilipita, na kila nilipopanda ngazi nilikuta anashona kitu ambacho alikifunika akiniona. Nilidhani ni kazi ya harusi.

Jumamosi moja mwanzoni mwa Septemba, Mama Furaha alinitumia ujumbe: "Kuja saa sita. Kuja na macho yako."

Fundi alikuwa amevaa suti. Kando yake sanduku, na juu ya sanduku viza aliyoichapisha; karatasi ilikuwa imenyooka kiasi cha kuonyesha kwamba nayo imepitiwa na pasi. Ndege ilikuwa jioni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa tayari kabla ya wakati. Alivuta futi kamba shingoni, akairudisha.

"Mama Neema, unaniangalia nini?"

"Vua viatu," nilisema.

"Weye, wacha hiyo."

"Papa, vua."

Alivua. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu kisiginoni la ukubwa wa kifungo cha koti. Mama Furaha alicheka mpaka akaketi juu ya magunia, na ndipo nilipotambua kwamba magunia yamepungua. Nilimwaga mkoba wake juu ya meza ya kukatia. Kati ya dola zilizonyooka kulikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi, ile ile yenye kodeni. Niliitia kwenye kopo la bati, na yeye alitazama pembeni.

Kisha alifungua sanduku. Nguo zake zilikuwa zimesukumwa pembeni, na nafasi yote ilichukuliwa na kitu kimoja kilichokunjwa: godoro jembamba la kukalia, la vipande, kama yale wanayotandika kule kuzunguka meza ya chai. Kijivu cha sare, kijani cha sare, zambarau ya kwaya, pembe za nyeupe. Vipande vya mamia ya watoto na waimbaji wa mji huu, vimekutanishwa pembetatu kwa pembetatu.

"Nilimuahidi kitambaa cha kiwanda changu," alisema. "Hiki si cha kiwanda."

"Sasa ni cha nini?" aliuliza Mama Furaha, akijifuta machozi ya kicheko. "Hii njo kiwanda yenyewe. Yote iko humu. Nimefagia chini yake miaka yote."

Nilipindua ukingo nikapitisha ukucha kwenye mshono, kama nilivyoona ikifanywa.

"Nimelegeza uzi," alisema Fundi haraka.

Mama Furaha alimtilia soksi uzi pale pale, mguu wake ukiwa juu ya goti la mkewe. Halafu akatoa mkate, wa Fordsburg, wenye muhuri wa sindano butu katikati, bado una joto. Fundi aliwahi kuwashikia mkate watu wengi, sasa hakujua ashike wapi. Aliugeuza mara mbili, akahakikisha uso wa mkate wenye muhuri uko juu, akauma. Alitafuna polepole, akitazama ukuta wa misumari.

"Kama nikichelewa?" alisema.

"Hautachelewa," alisema Mama Furaha. "Miye sina subira ya yule Opa. Nitaula na chai."

Tulimsindikiza hadi chini, gari likaja, akaingia na sanduku akalipakata mapajani badala ya kuliweka nyuma. Tuliporudi juu, Mama Furaha aliuweka mkate dirishani ukauke. Mimi, kwa mazoea, nilichukua kibandiko na kalamu niandike jina la Fundi.

Mama Furaha aliinama akatazama ukingo ulioumwa, vifereji viwili na ukuta mwembamba katikati.

"Wacha tu," alisema. "Mwanya huu njo ulinidanganya hata miye, nikaolewa."

Nikakirudisha kibandiko mahali pake.